Ulishuka Goma Kumsikiliza Nani?



Vijana kutoka machimbo wanapita kwangu hapa Goma. Mmoja amepumzika siku tatu baada ya miezi mitatu ya kuchimba, mwingine ameleta mgonjwa, mwingine amekuja tu kuangalia mji na kupiga foto pale Rond-point Chukudu, chini ya ile sanamu ya mtu anayesukuma chukudu. Wakikaa, wakinywa chai, ninawauliza swali moja: "Mulisikia nini mu mji?" Wananieleza mara moja. Mwimbaji fulani ameachana na mke wake. Mhubiri fulani kutoka ng'ambo alisema neno kali. Mchezaji fulani ameuzwa kwa mamilioni. Ninawasikiliza mpaka mwisho, na siwacheki, kwa kuwa mimi pia nilishuka Goma siku moja na familia yangu, nikasikia maneno makubwa na mazuri kabisa, nikarudi nyumbani na deni. Deni hilo ndilo nataka kukusimulia leo, wewe mzazi hasa, lakini hata wewe kijana usigeuze ukurasa.

Ilikuwa Desemba 2018. Wakati ule nilikuwa nikichunga kanisa dogo katika milima ya Masisi, upande wa Rubaya. Wengi wenu munapafahamu kuliko mimi. Wanaume wanaingia shimoni kabla ya jua, wamama wanauza maandazi na kufua udongo, koltani inashuka kwa magunia mgongoni. Inasemwa kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya ulimwengu mzima inatoka Rubaya. Ndani ya koltani wanatoa tantali, na tantali ndiyo inafanya vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Kwa hiyo simu unayoshika mkononi yawezekana ilianza safari yake mgongoni mwa jirani yako. Weka neno hilo kando kidogo, tutalirudia.

Nilialikwa kuhubiri katika mkutano wa vijana hapa Goma, siku ya Jumamosi na Jumapili. Mama Pasta akasema: "Baba, miaka yote unaenda peke yako. Safari hii tuende na mtoto, apumzike kidogo." Mtoto ni binti yetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 12. Nikaomba ruhusa kwa direkta wa shule, akatoa siku mbili, Ijumaa na Jumatatu, na ya Jumanne akasema "hiyo sijaiona". Wadogo zake tukawaacha kwa bibi yao.

Tulishuka kwa pikipiki mpaka Sake, watu watatu na mzigo na dereva (Mungu atusamehe), halafu tukapata nafasi ndani ya taksi. Wewe uliyepita njia hiyo unajua: ukitoka Sake kuelekea Mugunga, mara unaona ziwa mbali nyuma ya migomba, kama kipande cha kioo, kisha linapotea tena. Binti akanishika mkono.

"Papa, ile ni ziwa?"

"Ndiyo, ni Kivu."

"Nitatia miguu ndani?"

"Kesho utatia miguu ndani mpaka uchoke," nikajibu. Ni mimi nilisema. Hakuna aliyenilazimisha.

Sasa, kama hujafika Goma, usifikiri kwamba ukifika utaliona ziwa mara moja. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, umefungwa kwa vumbi jeusi, na kule Himbi ambako maji yenyewe yako, kuna kuta ndefu za hoteli na nyumba za watu wenye mali. Mtu anaweza kukaa Ndosho wiki nzima asiguse hata tone la Kivu isipokuwa lile la ndani ya bidoni. Ziwa linahitaji mtu akupeleke, na mtu wa kumpeleka alikuwa mimi.

Jumamosi nilihubiri. Mji ulikuwa umejaa mapicha ya wagombea, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Kila ukuta ulikuwa na uso unaocheka na nambari. Nilifanya mfano juu ya nyuso zile, vijana wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikasikia utamu. Sitaficha. Mtu anayesimama mbele ya mikro mbele ya watu mia tano akisema hasikii utamu, mwombee. Baada ya ibada walinizunguka, mmoja anataka maombi, mwingine anataka foto. Tulirudi usiku. Jumapili vivyo hivyo, asubuhi mahubiri, mchana chakula kwa wazee wa kanisa, bugali na sambaza na sombe, maneno hayakwisha. Binti alikaa pembeni na mama yake, amevaa viatu vyake vya Jumapili. Akaniangalia mara moja tu. Nikamwambia, "Kesho, mwanangu. Kesho sina kazi."

Na kweli kesho yake sikuwa na kazi. Lakini kesho yake ilikuwa tarehe 10 Desemba.

Tulikuwa tumefikia kwa yaya yangu. Asubuhi akasema: "Hamuendi popote. Leo saa nane daktari wetu anasema." Daktari wetu ni Denis Mukwege. Siku ile, kule Oslo katika nchi ya Norvejia, alipewa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi kutoka Iraki. Yaya alikuwa na televisheni, na majirani walichanga pesa za esanse kwa ajili ya jenereta, maana umeme wa mji hauna ahadi. Saa saba sebule ilikuwa imejaa kama kanisa siku ya Krismasi. Wamama chini, wazee katika viti, watoto dirishani.

Labda wewe kijana ulizaliwa ukimkuta ni jina kubwa tayari, kwa hiyo nikueleze kidogo. Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Anasimulia kwamba akiwa mtoto alikuwa anamfuata baba yake kuombea wagonjwa, na siku moja akamwuliza kwa nini mtoto yule mgonjwa hukumpa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye ni mchungaji, siye daktari. Hapo mtoto akaamua: baba utaomba, mimi nitatoa dawa. Akasoma Burundi, halafu Ufaransa. Alikuwa akifanya kazi Lemera, na hospitali ile ilishambuliwa usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikafunguliwa Bukavu, chini ya kanisa la CEPAC. Alifikiri atazalisha wamama. Wakaanza kumletea wamama walioharibiwa na watu wenye silaha, na hawakuisha mpaka leo.

Jambo moja juu yake ninalipenda kuliko nishani yote. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia kwake nyumbani wamwue. Mfanyakazi wake akauawa, yeye akapona, akakimbilia Ulaya na familia. Wamama wa Kivu, wale wale aliowatibu, wakaandika barua kwa wakubwa, hawakujibiwa. Basi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu, wakachanga pesa ya tiketi ya ndege ili arudi. Wamama wasiokuwa na dola moja kwa siku! Januari 2013 akarudi, barabara kutoka uwanja wa Kavumu mpaka Bukavu ikajaa watu. Wewe unayenunua gazeti la waimbaji, niambie ni nyota gani ya ulimwengu wake zake wa kijijini walimlipia tiketi kwa mananasi.

Turudi sebuleni kwa yaya. Mukwege akasema kwa Kifaransa, na kijana mmoja aliyemaliza masomo alikuwa akitufasiria kwa sauti ya chini. Akasema juu ya Lemera. Akasema juu ya mtoto wa miezi 18 aliyeletwa hospitalini ameumizwa, na wauguzi wanalia. Akasema juu ya ile ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyoandika maovu ya Kongo na ambayo inaoza katika droo ya meza huko New York. Halafu akawageukia wale wakubwa waliokaa mbele yake na mavazi yao mazuri, akawaomba wanapoendesha motokari ya umeme, au wanapotumia simu, au wanapovaa vito, wafikiri dakika moja damu ya watu iliyomo. Mzee mmoja pembeni yangu, ambaye kijana wake alizikwa na shimo, akatoa simu yake mfukoni, akaiangalia, akairudisha bila kusema kitu.

Nami nililia. Wengi tulilia.

Ni katika saa hiyo binti alikuja mlangoni. Alikuwa amevaa kanzu ya safari, viatu ameshika mkononi, maana mtu haendi ziwani na viatu miguuni. Hakusema kitu. Alisimama tu. Nikamwonyesha kwa mkono, hivi, vidole juu: ngoja. Akangoja. Hotuba ikaisha, tukaanza kuzungumza, na kila mtu alikuwa na neno lake juu ya Mukwege, kama atakuwa rais, kama atarudi salama, kama wazungu wamesikia kweli. Nilipotoka nje kujisaidia ilikuwa giza, na taa za wavuvi wa sambaza zilikuwa zimewaka kule mbali juu ya maji. Binti alikuwa amelala na kanzu yake.

Jumanne saa kumi na moja asubuhi taksi ilikuwa mlangoni.

Nikuulize, msomaji. Je, nilitenda dhambi kumsikiliza Mukwege? Hapana, na sitaki uelewe hivyo. Ningekuwa mjinga kutomsikiliza. Lakini nilifikiri sana baadaye: ile hotuba ilitoka wapi? Ulimwengu ulisikia nusu saa. Kabla ya nusu saa hiyo, yeye alikaa karibu miaka ishirini anasikiliza wagonjwa, mama mmoja mmoja, kila mmoja na hadithi yake, wengine hawana hata sauti ya kusema. Kama siku moja angewaonyesha vidole juu, ngoja, asingekuwa na cha kusema Oslo. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya watoto wasiosikilizwa, na mkono wangu unamnyamazisha wangu.

Tena angalia jambo lingine. Wiki ile ile niliwauliza watu waliokuwa sebuleni: yule binti aliyesema pamoja na Mukwege jina lake nani? Hakuna aliyelikumbuka, hata mimi. Tulikuwa tumeenda kumwona wetu. Ndivyo sikio la mtu lilivyo: linakwenda pale jina linapong'aa.

Vijana, hapa ndipo ninataka kusema nanyi juu ya nyota. Ninajua wachungaji wengi wanasema "achana na muziki wa dunia" wanafunga neno. Mimi sina nguvu ya kufunga neno hilo, kwa kuwa najua munasikiliza hata ndani ya shimo. Na tena sioni ubaya kijana wa Goma akimfurahia mtoto wa mji wake. Innoss'B alizaliwa Goma mwaka 1997. Akiwa bado mtoto alishinda shindano la waimbaji, mwaka 2010, na mwaka 2019 wimbo wake aliouimba na Diamond Platnumz wa Tanzania ulifika mahali pengi. Watoto wa Birere wakaona kwamba jina la mji wao linaweza kutamkwa bila neno vita. Hiyo si kitu kidogo.

Ila habari za nyota ni kitu kingine kuliko wimbo. Unakumbuka Akon alipokuja? Ilikuwa tarehe 21 Septemba 2014, Siku ya Amani, watu wakajaa kwenye uwanja wa ndege wa Goma bila hesabu. Akaingia ndani ya puto kubwa la plastiki, akatembea juu ya mikono ya watu. Sisi tulioona tulicheka na kushangilia. Baada ya siku chache magazeti mengine ya ng'ambo yakaandika kwamba Akon aliogopa Ebola, ndiyo maana alijifungia ndani ya puto. Na Goma hapakuwa na Ebola hata kidogo mwaka ule! Puto lile alikuwa akilitumia hata Marekani na Ulaya, ni mchezo wake. Lakini ulimwengu ukapenda hadithi ile kuliko ukweli, na sisi tulioshika puto kwa mikono tukageuzwa wagonjwa. Basi unaposoma katika simu kwamba fulani amefanya hivi na hivi huko Kinshasa au Nairobi, kumbuka puto la Akon. Yule aliyeandika pengine hakuwepo.

Na kuna habari ambazo zinapita mbio zikiacha watu nyuma. Tarehe 29 Oktoba 2022, Kinshasa, katika Stade des Martyrs, watu 11 walikufa kwa msongamano katika konseri ya Fally Ipupa. Huku kwetu kijana mmoja alinionyesha video, anazungumza juu ya mavazi ya Fally, juu ya wingi wa watu. Nikamwuliza, "Waliokufa ni akina nani?" Akanyamaza. Hakuwa mtoto mbaya. Nami sikujua. Ni sawa na huko mashimoni: bei ya koltani inajulikana mpaka Ulaya, lakini watu watano wakifunikwa na udongo, nani nje ya kijiji anajua walikuwa wanaitwa nani?

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya Goma, hata habari za nyota ziligeuka. Tarehe 13 Februari mwaka ule mwimbaji Delcat Idengo, ambaye vijana wa Beni na wa hapa walimpenda kwa ukali wa maneno yake, alipigwa risasi akafa hapa hapa mjini. Siku hiyo nyumba zilinyamaza. Sikubaliani na kila alichoimba. Lakini niliona vijana walioacha kucheka simu zao, wanauliza mama yake yuko wapi, anajua? Nikafikiri: sasa wanamsikia mtu.

Nirudi kwenye deni langu.

Tuliporudi Masisi nilihubiri juu ya Oslo Jumapili tatu mfululizo. Washiriki walifurahi, nami nilikuwa kama nyota ndogo ya mlima ule: Pasta ametoka Goma, Pasta ameona. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na mbao hazifichi neno. Usiku mmoja nilikuwa natayarisha hubiri la tatu, taa ya mafuta mbele yangu. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wamelala kitanda kimoja, na wadogo walikuwa wanamwuliza dada yao juu ya ziwa.

"Maji iko mingi?"

"Mingi sana. Haina mwisho."

"Uliingia?"

"Niliingia mpaka hapa. Papa alinishika mukono ili nisianguke. Kiisha akatuingiza mu bwato, na Mama akaogopa, Papa akamucheka."

"Maji iko moto?"

"Iko moto kidogo, kama chai inalala."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Nilingoja wamalize. Aliwaeleza samaki, mawimbi, hata wimbo niliouimba ndani ya bwato. Kila kitu kilikuwa uongo, na katika uongo ule wote mimi nilikuwa baba mzuri.

Nikamwambia Mama Pasta, nikifikiri atashangaa. Hakushangaa. "Ninajua," akasema. "Tangu siku tulipofika anawaeleza hivyo. Si mimi nilimfundisha. Alisema hataki wadogo wakuone kama mutu asiyeshika neno." Halafu akageuka akalala. Hubiri lile la tatu nililihubiri, nakiri, lakini sikumbuki nilisema nini.

Ungetarajia nikuambie kwamba wiki iliyofuata nilimpeleka. Sikumpeleka. Mwaka 2019 Ebola ilifika Goma mwezi wa saba, tukasema tungoje. Mwaka 2020 ilikuwa Kovidi. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ikatapika moto mpaka ukingoni mwa mji, watu wakakimbia kuelekea Sake na Gisenyi. Kila mwaka ulikuwa na sababu, na sababu nyingine zilikuwa za kweli. Nyingine zilikuwa mkutano, semina, mgeni, kikao cha wazee. Mchungaji hakosi kazi takatifu ya kumkimbizia mtoto wake. Wewe mfanyabiashara wa madini una kontuari yako na bei yako. Wewe mchimbaji una "nikipata mfuko mmoja tena nitawapeleka". Tunafanana.

Baba mwenzangu, kama unawashusha watoto Goma kupumzika, au Bukavu, au popote, waulize kabla hamjapanda pikipiki: wewe unataka kuona nini? Waulize mmoja mmoja, hata mdogo. Halafu jambo hilo lifanywe siku ya kwanza, asubuhi, kabla hujawasha simu kuwaambia watu kwamba umefika. Mikutano itakuja yenyewe. Na wewe mama, ukiona baba ameonyesha vidole juu, usimwachie. Mama Pasta aliniachia siku ile, na ananiambia mpaka leo kwamba anajuta.

Nilimpeleka Agosti 2022. Alikuwa na miaka 16, amenipita kidogo kwa urefu. Tulikuwa wawili tu. Sikuwa na mkutano wowote, na simu niliiacha kwa yaya, akanishangaa kama mgonjwa. Tulienda asubuhi mpaka Kituku, ambako mabwato yanaleta mizigo na wamama wanauza samaki. Si mahali pazuri, kuna matope na kelele, na wachuuzi wanakusukuma. Tukatembea kidogo mpaka tukapata mawe meusi yaliyoingia majini. Akavua viatu.

Sasa sisi sote tunakaa mjini, vita vya 2023 vilitushusha kutoka Masisi na watu wengi wa kanisa langu, na ziwa si jambo la ajabu tena kwetu. Wadogo zake wanachota maji huko na bidoni za njano, wanalalamika uzito. Lakini asubuhi ile ilikuwa bado mara ya kwanza. Aliweka mguu mmoja, akautoa, akaweka wote wawili. Wavuvi walikuwa wanarudi na zile pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja, taa zimezimwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, nimeyatayarisha kama hubiri, na vichwa vitatu. Nikaanza kichwa cha kwanza. Akanikatisha. Hakunigeukia, alikuwa anaangalia miguu yake ndani ya maji.

"Papa," akasema, "iko baridi kuliko vile niliwaambia."